Boksi la Nane

Kwa shangazi yangu, nane ukiiunganisha na nane unapata nne. Nilipoisikia hesabu hiyo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga kopo la sindano, maana mwalimu wetu wa hesabu angeikata kwa wino mwekundu kabla hajamaliza kuisoma.

Siku za kazi shangazi ni fundi wa cherehani. Jumamosi ni mpiga gitaa la besi katika bendi. Kila nikitoka shuleni napitia karakana yake, navua viatu mlangoni, nachukua sumaku na kuanza kuokota sindano na skrubu zilizodondoka sakafuni. Mikono inaokota, mdomo unauliza. Kwa nini cherehani hii inaruka mishono? Kwa nini besi ina nyuzi nne wakati gitaa lile lingine lina sita? Ndiyo maana shangazi aliniita Bi Kwanini, na jina likaninasa kama gundi.

Siku hiyo ya hesabu nilikuwa nimechungulia nyuma ya boksi lake la spika, linalokaa kwenye kona ya karakana pamoja na amplifaya. Nyuma palikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa 8. Pembeni mwa nane palikuwa na alama inayofanana na kichwa cha mtu kilichoota miguu miwili bila kupitia shingo.

"Shangazi, hii nane ni ya nini? Na hiki kikatuni?"

"Hicho kikatuni kinaitwa omu," alijibu, bisibisi ikiwa mdomoni. Akaitoa. "Ni kipimo cha ugumu wa kupita. Umeme unatoka kwenye amplifaya kwenda kwenye boksi, na boksi linauzuia kidogo. Darasani kwenu mko wangapi?"

"Hamsini na wawili."

"Kengele ikilia, na mlango ni mwembamba?"

"Tunabanana. Tunatoka mmoja mmoja."

"Basi boksi la nane ni mlango mwembamba. La nne ni mlango mpana, umeme unapita kwa wingi. Haya, fungua milango miwili myembamba kwa pamoja."

Nilifumba macho nikaliona darasa letu likiwa na milango miwili. "Tunatoka kwa wingi. Kama vile tuna mlango mmoja mpana."

"Umeona? Nane na nane, nne."

"Na tukifungua mwembamba na mpana kwa pamoja?"

"Hapo amplifaya inasukuma umeme mwingi kuliko nguvu zake. Inachemka, halafu inaungua." Aliipapasa amplifaya yake kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. "Hii yangu mwisho wake ni nne. Ukiishusha chini ya hapo, andaa mazishi."

Sikucheka tena, kwa sababu nilijua amplifaya ile ilikuwa na maana gani kwake. Wiki mbili kabla, bendi ilipiga katika ukumbi wa chuo cha uuguzi, na besi haikusikika kupita mstari wa tatu wa viti. Kiongozi wa bendi, ambaye kila mtu humwita Kapteni kwa ajili ya kofia yake yenye utepe wa dhahabu, alimwambia shangazi mbele ya wenzake, "Besi ikipotea tena, kinanda kitapiga besi. Wewe utabaki na cherehani zako." Na Jumamosi iliyokuwa inakuja walikuwa wanarudi katika ukumbi uleule, kwenye mahafali ya wauguzi.

Shangazi alipiga hesabu zake na kuona kwamba anahitaji boksi la pili.

Jumamosi asubuhi alikuwa na haraka. Alitutuma mimi na kaka yangu tuchukue mkokoteni tuende kwa Mzee Waya, anayekodisha vyombo vya muziki.

"Mwambieni nimewatuma boksi la nane," alisema akitafuta mfuko wa turubai wa gitaa lake. "Ataelewa. Mlipeleke ukumbini moja kwa moja, na hili langu pia."

Kaka yangu amenizidi miaka miwili na anadhani ni ishirini. Hatukufika hata kwenye kona akaanza uchokozi.

"Bi Kwanini, nina mchezo. Ukifika ukumbini bila kuuliza swali hata moja, naosha vyombo wiki nzima."

"Wiki nzima?"

"Hilo tayari ni swali. Nakusamehe, tunaanza sasa."

Nilifunga mdomo. Vyombo vya nyumbani kwetu havina huruma, hasa sufuria la ugali uliogandia chini.

Duka la Mzee Waya lilijaa nyaya zilizoning'inia ukutani kama nywele za jitu. Mwenyewe alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso na wakati huohuo anaitafuta mezani. Nilimsalimia, nikampa ujumbe kama nilivyopewa: shangazi anaomba boksi la nane.

"La nane," alirudia. "Nane ya spika, siyo?"

Aliashiria maboksi mawili. Moja lilikuwa fupi, kitambaa kimepauka, lina spika mbili tu. Lingine lilikuwa refu kunizidi, jeusi ti, limepangwa spika nane, safu mbili za nne nne. Lilikuwa limesimama kama askari wa gwaride.

Swali lilinijia papo hapo, fupi na zuri. *Nane ipi?* Lilifika hadi kwenye meno. Nikamwona kaka ameinua nyusi, ananisubiri nijikwae.

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu, na lilikuwa la uongo. Sikujua kama ni ndiyo.

Kaka alifurahi kwa sababu boksi lilikuwa kubwa. Njia nzima watu waligeuka kulitazama, naye akatembea kifua mbele kama amelizaa yeye. Mimi nilisukuma kimya. Ile *nane ipi* ilikuwa imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ukumbini wageni walikuwa wameshaanza kukaa. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma akishona zipu ya mwimbaji iliyoachia dakika za mwisho. Bendi yenye fundi cherehani haiendi nusu uchi. Kapteni alipoliona boksi refu alipiga makofi.

"Hili ndilo boksi. Leo hata waliolala watakaa wima." Akachukua nyaya, akaunganisha boksi refu na lile la shangazi, yote mawili kwenye amplifaya moja.

Mimi nilizunguka nyuma. Sikuwa na ujanja mwingine, nyuma ya vitu ndiko kwangu. Kibati cha boksi refu kilikuwa na vumbi, nikakifuta kwa kidole. Kichwa chenye miguu miwili kilikuwepo. Pembeni yake palikuwa na 4.

Spika nane. Omu nne.

Nikisema, kila mtu atajua kwamba mimi ndiye niliyeleta boksi baya. Nisiposema, labda halitatokea lolote. Labda. Lakini niliuona ule mlango mwembamba na ule mpana ikifunguliwa kwa pamoja, na niliiona karakana bila amplifaya kwenye kona, na shangazi akiokota sindano zake mwenyewe kila Jumamosi.

"Kapteni, tafadhali usiwashe," nilisema. "Nimekosea mimi. Hili si la nane."

"Hujui kuhesabu?" Alizigusa spika moja moja kwa kidole. "Moja, mbili, tatu..."

"Spika ni nane, lakini omu ni nne. Ukiliunganisha na la shangazi, amplifaya itaungua. Tumwite shangazi kwanza."

"Binti, mimi nilipanda jukwaani kabla mama yako hajaota meno. Kakae na wenzako."

Akawasha. Akalivaa gitaa la shangazi, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akapiga nyuzi mara kadhaa. Sakafu ikanguruma. Wageni wakashangilia, na Kapteni aliposhangiliwa hakuna aliyeweza kumshusha. Akaendelea kukung'uta nyuzi huku akikisogelea kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," alisema, "leo mtaisikia besi mpaka kwenye ma..."

Nikachomoa plagi ukutani.

Sikujua kwamba plagi ile ililisha jukwaa zima. Kipaza sauti kilikufa, kinanda kilikufa, feni ya mpiga ngoma ilijizungusha kidogo ikakata tamaa. Kapteni alibaki mdomo wazi.

"Kwenye ma nini?" mgeni mmoja aliuliza kutoka mstari wa nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Shangazi alitoka mbio, sindano imechomekwa kwenye ukosi. "Nani amezima?"

"Mimi," nilisema. Kisha nikasema yote, bila kupumzika: ile *ndiyo* niliyomjibu Mzee Waya, mchezo wa kaka, vyombo, kibati chenye vumbi. "Nilijua kwamba sijui, nikajifanya najua. Nisamehe, shangazi."

Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Shangazi aliweka kiganja juu ya amplifaya, akakitoa upesi.

"Inachemka," alisema. "Na hatujapiga wimbo hata mmoja."

Akainama nyuma ya boksi refu akakisoma kibati mwenyewe. Alipoinuka alikuwa anafikiri, namna anavyofikiri mbele ya cherehani iliyomshinda mtu mwingine. Akauchomoa waya uliokwenda kwenye boksi lake dogo.

"Hili refu peke yake ni nne kamili, na nne ndiyo mwisho wa amplifaya yangu. Halina neno. Tena spika nane zinasukuma hewa nyingi kuliko zangu mbili. Tutapiga na hili tu."

"Nataka maboksi mawili jukwaani," Kapteni alisema kwa sauti ya chini, maana wageni bado walikuwa wanacheka. "Moja linaonekana kama umaskini."

"Yatakuwa mawili," shangazi alisema. Akaliegemeza boksi lake kando ya lile refu, akauzungusha ule waya vizuri na kuulaza nyuma yake bila kuuchomeka popote. Alipopita karibu yangu alinikonyeza.

Kisha tukarudisha umeme, na bendi ikaanza.

Nilikwenda mstari wa mwisho kabisa, karibu na mlango, nikaweka kiganja ukutani. Besi ilikuwa imefika. Maji kwenye chupa ya mgeni mmoja yalikuwa yanachora duara ndogo ndogo kila shangazi alipovuta uzi mnene. Wauguzi wapya walicheza na majoho yao, viatu mkononi. Mama mmoja mzee alijishika kifua akamwambia jirani yake, "Mwanangu, huu muziki unanipima mapigo."

Baada ya mahafali, wakati tunakunja nyaya, Kapteni alikuwa amesahau hasira zake zote. Alijipangusa jasho akaliegemea boksi dogo la shangazi.

"Mnaona? Nilisema mawili. Lile refu lina nguvu, lakini utamu wote ulitoka kwenye hili dogo. Sikio langu halidanganyiki."

Niliunyanyua ule waya uliolala nyuma ya boksi dogo, nikamwonyesha ncha zake zote mbili. Mpiga ngoma alipaliwa na soda ikabidi apigwe mgongoni.

Kapteni aliutazama waya, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo kinanda kitapiga besi?" shangazi alimuuliza taratibu.

"Kinanda kibaki kinanda," alisema Kapteni. "Besi ni yako. Lakini huyu mtoto alinikata katikati ya maneno, mbele ya ukumbi mzima. Kwa hilo lazima aniombe radhi."

Shangazi aliketi juu ya boksi lake, akanivuta nikakaa kando yake. Kaka akasogea naye.

"Sikilizeni, nyote," alisema. "Mimi nina langu la kwanza. Nilisema *la nane* nikaona nimemaliza, kumbe neno ni moja na vitu ni viwili. Mzee Waya alisikia spika, mimi nilimaanisha omu. Wewe, kaka mtu, ulimfanya mwenzako aone haya kuuliza, kwa hiyo vyombo vya wiki hii ni vyako, mchezo au si mchezo. Na wewe, Kapteni, uliambiwa ukweli ukautazama kimo chake badala ya kuusikiliza." Akanigeukia. "Aliyejifanya anajua nusura aniunguzie amplifaya. Aliyesema *nimekosea* ndiye aliyeiokoa. Wote wawili ni mtu mmoja, huyu hapa. Kutojua si kosa. Kosa ni kuficha kwamba hujui, kwa sababu kazi haifichiki, itakuumbua tu. Basi uliza. Na ukishakosea, sema mapema, kabla kitu hakijaungua."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kapteni alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni, anangoja chake.

"Haya, binti," alisema. "Nakusikiliza."

"Kapteni," nilisema, "kwa boksi nimeshaomba radhi, na ukitaka nitaomba tena sasa hivi. Kwa plagi, siombi."