Kengele ya Kidato cha Nne

Mwalimu Hasifa, jirani yetu hapa Mbale, alipanda basi asubuhi kwenda Jinja kufunga shule. Sekondari ile kongwe ya serikali ilikuwa imeishiwa wanafunzi tangu vita. Alitumwa akachukue madaftari ya mahudhurio tu, basi.

Alifundisha pale hadi mwaka wa sabini na tisa. Siku askari waliokimbia vita walipoingia mjini, aliwaficha vijana kumi na mmoja wa kidato cha nne darasani, mdogo wake Burhan akiwemo, akawaambia wasitoke mpaka wasikie kengele. Shuleni pale hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na vijana wale walikuwa watiifu mno. Njia ya nyuma ilikuwa wazi. Angepiga kengele wangetoroka. Lakini risasi zililia, naye akajificha jikoni kwa woga. Vijana walikutwa wamekaa kwenye viti vyao. Walipakiwa lorini, hawakuonekana tena. Tangu siku ile Hasifa aliishi peke yake, wala hakuna aliyewahi kumwita dada.

Mlinzi, mzee Otiende, alimfungulia vyumba vyote isipokuwa kimoja.

"Mwalimu, ile darasa mimi hapana fagia," alinong'ona. "Iko na watu."

Hasifa alichungulia dirishani. Vumbi lilikuwa limetanda kote. Viti kumi na kimoja tu vilikuwa safi.

Akaelewa, na uchungu ukamzidi woga. Akaokota chuma, akaigonga ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yao. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka.

Kimya.

Kisha viti vikasogea. Mlango ukafunguka. Hakutoka mtu. Nyayo tu zikajichora vumbini, moja baada ya nyingine, zikielekea njia ya nyuma. Otiende alishatimua mbio. Hasifa akahesabu. Waliopita walikuwa kumi.

Wa kumi na moja alikuja kwake. Polepole. Akamzunguka. Akasimama nyuma yake.

"Dada," sauti ikasema sikioni. "Umechelewa."

Alirudi Mbale jioni ile akiwa na alama ya kiganja kwenye bega la gauni lake, nyeupe ya chaki. Mama Mariat wa nyumba ya pili alimfulia gauni lile mara tatu. Haikutoka. Mara ya nne akakataa katakata, kwa sababu lilipokauka kambani viganja vilikuwa viwili, kimoja kila bega.

Hasifa aliliomba gauni lake, akalivaa, akaingia ndani. Tulimsikia akimkaribisha mtu chai.