Ngoja Kidogo, Baba

Jamani, sogeeni, na mwenye simu mkononi aiweke chini kwanza, maana maneno haya yana mwenyewe na huenda mwenyewe ni yeye.

Asubuhi ile nyumba ya Mzee Mizani ilikuwa shwari. Jua limeingia sebuleni, redio inaongea taratibu juu ya kabati, na mzee ameketi kwenye kiti chake cha mbao, mto mgongoni, uso ameuinua. Mbele yake alisimama mwanawe, kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe. Alikuwa ameshika kichupa cha dawa ya macho.

"Tazama juu, baba. Juu kabisa. Haya, tayari!"

Tone likadondoka palepale lilipotakiwa, kope haikuligusa. Wembe akarudisha kikinga cha plastiki juu ya jicho, akakibandika kwa plasta.

"Mkono wako huo," mzee akasema, "ungekuwa mizani, ningeupiga muhuri."

Wakacheka wote wawili. Mzee huyu kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Alitembea na sanduku la mawe yake ya shaba, akipima mizani za wauza nyama na wauza sukari, na iliyopunja aliikamata hata kama ni ya shemeji yake. Hakupokea mlungula, hakusema uongo. Watu walimnunia, lakini hata waliomnunia walikwenda kumwuliza ukweli pale walipogombana. Jicho lake moja lilikufa zamani kwa maradhi. La pili likaingiwa na mtoto wa jicho, mpaka akawa hatofautishi mlango na kabati. Watoto wake wakampeleka hospitali, akapasuliwa, na daktari akawaambia wazi: jicho lisiguswe, mgonjwa asiiname, na dawa itiwe kila saa mchana kutwa. Mkichezea dawa, alisema, mmechezea jicho lenyewe.

Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka kwa uzee. Binti yake mkubwa, waliyemwita Mama Sare kwa kuwa alishona sare za wanafunzi, alikuwa amezidiwa na kazi kwa sababu shule zilikaribia kufunguliwa. Mama yao alikwisha fariki. Ni nani basi abaki na mzee? Hapakuwa na haja ya kuulizana. Mtu anayepitisha wembe kooni mwa watu na hajawahi kumchubua hata mmoja, atashindwa na tone la dawa? Wembe akafunga banda lake la kunyolea, akahamia sebuleni kwa baba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mdudu alipoingilia.

Wembe alikuwa na gemu yake kwenye simu. Si dhambi, kila mtu ana lake la kujiburudisha. Iliitwa Uwanja wa Majemedari. Mnaingia vitani watu watano kikosi kimoja, kila mmoja na simu yake, huyu yuko huku na yule yuko ng'ambo, mnapigana mpaka ngome ya upande mmoja ianguke. Kwa muda mrefu Wembe alicheza kama mtu anayekunywa chai. Akimaliza raundi anatia simu mfukoni, anaita mteja. Mle ndani hakuna aliyemjua, na akitoka hakuna aliyemwuliza.

Kisha gemu ikamletea ujumbe: unganisha akaunti yako na ukurasa wako wa marafiki, upewe deraya ya dhahabu, vazi la vita. Na kwenye ukurasa ule walikuwamo wateja wake, majirani, dada yake, mashangazi, aliosoma nao, hata vijana waliowahi kufanya kazi chini ya baba yake. Chini ya ujumbe palikuwa na maandishi marefu, ya kukunja kama mkeka. Nani huyasoma? Wewe unayasoma? Wembe akabonyeza Kubali. Ukaja mwingine, akabonyeza Kubali. Wa tatu ulitaja maikrofoni na matangazo ya moja kwa moja, lakini yeye macho yalikuwa kwenye deraya. Kubali!

Loo! Kesho yake tu, kila vita alivyoshinda vikajitangaza vyenyewe kwenye ukurasa wake, picha yake imevalishwa dhahabu mpaka magotini. Laiki zikamiminika. Fundi bomba wa mtaa wa pili akajiunga kwenye kikosi chake, na muuza vipuri, na binamu. Akipita njiani anasikia, "Jemedari! Jana tumekuona!" Kichwa kikavimba. Na baya zaidi ni hili: zamani akitaka kutoka anatoka, sasa aliona haya. Atawaachaje katikati ya vita watu wanaomjua na kumtegemea? Watasemaje? Alianza kuona haya mbele za watu waliokuwa mbali, akasahau kumwonea haya mzee aliyekaa naye chumba kimoja.

Mzee hakuweza kusoma saa ya ukutani, lakini redio ilimwambia. Saa ikipiga, anaita, "Mwanangu, wakati wa dawa." Mwanzoni Wembe alikuja mbio. Halafu akawa anakuja kwa kujivuta. Halafu akawa anajibu, "Ngoja kidogo, baba." Na mzee, kwa kuwa alimwamini, alingoja.

Mama Sare alipopita jioni aliuliza, "Vipi, dawa inakwenda?"

"Inakwenda, dada. Wasiwasi wa nini? Mkono si huu?" Wembe akaunyoosha mkono wake, na kweli haukutetemeka.

Sikio la kufa, ndugu zangu, halisikii dawa.

Ikafika siku ya pambano kubwa. Kikosi cha Wembe kilikuwa kimeingia fainali, na baada ya chakula cha mchana yeye alikaa kwenye kona ya sebule, mgongo kwa baba, hedifoni kichwani, kijiti cha maikrofoni mdomoni. Maandishi ya watazamaji waliolifuata pambano kwenye ukurasa wake yalikuwa yakimziba asiuone uwanja, akayaficha. Akaanza kupiga kelele: "Kushoto! Kushoto, fundi! Usikimbie!"

Redio ikapiga saa.

"Mwanangu, wakati wa dawa."

"Ngoja kidogo, baba, namalizia."

Mzee akangoja. Ngome haikuanguka, si ya huku wala ya kule. Redio ikaleta taarifa ya habari, ikaleta matangazo, ikapiga saa nyingine.

"Mwanangu. Dawa."

"Ngoja kidogo, baba!"

Kisha mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Mwanangu, jicho linaniwaka."

Wembe akageuka nusu. "We mzee nawe! Si nimekwambia ngoja? Unaniaibisha mbele za watu!"

Akazibana hedifoni masikioni, akarudi vitani.

Mzee Mizani aliinuka polepole, akapapasa ukuta, akapapasa meza, akakipata kichupa. Akabandua plasta. Akainua uso kama alivyofundishwa, akainua na mkono, mkono ule wa kutetemeka. Ncha ya kichupa ikachoma palepale penye kidonda. Mzee akatoa ukelele mmoja, mfupi, halafu akaketi sakafuni ameshika uso, anaita jina la marehemu mkewe.

Wembe hakusikia. Lakini maikrofoni ilisikia.

Hebu tumfuate Mama Sare. Alikuwa kwenye chumba cha kushonea alichochangia na mafundi wenzake, mita ya kupimia shingoni, anatia vifungo kwenye mashati, pale mwenzake mmoja, simu mkononi, alipomwita akicheka. "Njoo umwone kaka yako, yuko laivu! Leo anawachinja!" Mama Sare akasogea kutazama. Akacheka na yeye, maana ile sauti ya Wembe ya kufoka ilimkumbusha utoto wao. Kisha nyuma ya kelele akasikia sauti nyingine, ya mbali. Mwanangu, jicho linaniwaka. Akasikia na jibu. Wote chumbani wakasikia jibu. Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Ukelele wa baba ulipokuja, Mama Sare alikuwa tayari mlangoni, anakimbia na kastabini kidoleni.

Aliingia sebuleni akamkuta mmoja sakafuni na mwingine kwenye kona, mgongo umepinda juu ya simu, anasema, "Bado kidogo, bado kidogo, wanaanguka!" Akamvua hedifoni kwa nguvu.

"Zima!"

"Dada, ngoja ki..."

"Zima hiyo simu! Baba analia dunia nzima inamsikia!"

Wembe akageuka, akamwona baba yake. Akaitazama simu, akayafungua yale maandishi aliyoyaficha, nayo yakapanda moja baada ya jingine. *Jemedari, mzee wako anakuita. Jamani acha gemu uende. Nyuma yako, nyuma yako! Huyu ndiye kinyozi wetu kweli? Nilifanya kazi na mzee huyu, hakustahili haya.* Fundi bomba naye alikuwa ameandika, tena mara nyingi, *Tumeacha kucheza, kaka. Nenda kwa baba.*

Kikosi chake chote kilikuwa kimetoka vitani. Alikuwa akipigana peke yake.

Alitamani ardhi ipasuke. Alijaribu kumshika baba amwinue, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkono wake ulitetemeka.

Hospitalini, daktari alilichunguza jicho kwa muda mrefu, na nesi akamshikia taa. Mama Sare alisimama kwenye kona akifuta machozi kwa ncha ya mita yake. Wembe alisimama karibu na mlango. Kule barazani alipopita, watu wawili walikuwa wamenong'onezana wakimtazama, na mmoja alikuwa mteja wake.

"Limeingia uchafu," daktari akasema, "na kidonda kimefunguka. Tutajitahidi. Lakini lazima nijue: dawa ilitiwa kila saa kama nilivyoagiza?"

Nesi akainamisha kichwa. Shangazi wa nesi huyo alikuwa amemtumia rekodi ya matangazo yale kabla hata mgonjwa hajafika.

"Kila saa, daktari," Mzee Mizani akasema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imara, ileile aliyokuwa akiitumia sokoni. "Mwanangu hakukosa hata mara moja. Kosa ni langu. Jicho liliniwasha, nikalifikicha. Ukaidi wa uzee."

Hebu fikirini. Mtu aliyeukataa uongo maisha yake yote, uongo wenye faida na uongo wa kumstiri ndugu, amelala kitandani anausema kwa ulimi wake mwenyewe, na nesi na Mama Sare wamesimama pale wakijua kuwa ni uongo. Naye hajui kwamba wanajua. Wembe aliona uso unamwaka moto. Angefokewa, angepigwa kofi mbele ya watu wote, ingekuwa nafuu.

"Baba," akasema, "usinitetee."

"Nyamaza, mwanangu. Daktari ana kazi."

"Baba, walisikia." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Ile gemu niliiunganisha na ukurasa wangu. Ilikuwa inatangaza kila kinachosemwa pale sebuleni. Walikusikia unaniita. Walinisikia nilivyokujibu."

Bandeji ilimziba mzee macho, hakuna aliyeweza kujua anawaza nini.

"Nani walisikia?"

"Wote, baba."

"Hata vijana wangu wa sokoni?"

"Hata wao."

Mzee akaugeuza uso ukutani. "Basi," akasema taratibu, "nimesema uongo bure."

Jicho lile halikupona. Linaona mwanga, linaona kivuli mtu akipita dirishani, basi. Mzee alimsamehe mwanawe, alimwambia hivyo wazi mbele ya Mama Sare. Lakini msamaha haurudishi kilichomwagika, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiusifu mkono wa Wembe.

Banda la kunyolea limefunguliwa tena. Kiti cha kwanza, pembeni ya kioo, ni cha mzee, na hakikaliwi na mteja. Mwezi wa kwanza wateja walikuwa wachache, na watoto wakorofi walipita mlangoni wakiita "Ngoja kidogo, baba!" halafu wanakimbia. Wembe hakuwafukuza. Siku hizi utamkuta ameshika wembe, mteja ana povu nusu uso, na mzee akisema tu "Mwanangu," hata kama ni kuomba maji, Wembe anauweka wembe chini.

"Samahani, ndugu yangu," anamwambia mteja. "Ngoja kidogo. Baba ananiita."

Na wateja wanangoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Funzo

Ndugu zangu, sikusema gemu ni haramu, wala mtandao ni shetani. Nasema hivi: unapoiunganisha gemu na watu wote unaowajua, umeifungulia nyumba yako mlango ambao huuoni. Sifa zitaingia kwa mlango huo, na siri zako zitatokea hapohapo. Soma kabla ya kukubali. Ukishindwa kusoma, usikubali, deraya ya dhahabu haimkingi mtu na kitu.

Na zaidi ya hilo, jueni ni nani wa kumwonea haya. Wembe aliona aibu kuwaacha watazamaji, na watazamaji haohao ndio waliomhurumia baba yake kabla yake. Gemu ina raundi nyingine, ukishindwa leo utashinda kesho. Mzazi akikuita, itika mara ya kwanza, usije ukamlazimisha kukusemea uongo. Majuto ni mjukuu, na majuto ya Wembe yanakaa kwenye kiti cha kwanza, pembeni ya kioo, kila siku anapofungua kazi.