Buni Zisizochinjwa

Kila Jumamosi asubuhi Saadia wa Kiwanjani alikuwa na kazi zake: kufagia ua, kuosha vyombo, kisha kumwogesha mdogo wake Ibrae, ambaye alilia kana kwamba maji yana miiba. Jumamosi hii akaongezewa nyingine. Wageni walikuwa njiani kutoka Sericho, wakija kumwombea dua Ibrae aliyepona homa ya mapafu. Na katika nyumba ile ya Waborana, dua bila buni ilikuwa kama harusi bila bibi harusi.

"Chinja hizi zote," alisema Akko, yaani bibi yake, akimpa bakuli la buni kavu, kahawa ambayo bado iko ndani ya ganda lake. "Usiruke hata moja. Unajua kwa nini?"

"Najua, Akko."

Msishtuke, wajukuu. Buni haichinjwi kwa kisu. Unaiuma ncha kwa meno ili ipate tundu. Ukiitia katika samli ya moto, mvuke hupitia pale, nayo hufunguka polepole. Ikiwa nzima, mvuke hukosa njia. Buni hupasuka na kumrushia mpishi samli ya moto usoni.

Saadia aliuma, akauma, mpaka taya zikachoka na ulimi ukawa mchungu kama shubiri. Bakuli halikuonekana kupungua. Mara Istar, binti wa jirani, akaita kutoka nje: "Wee Saadia! Tunacheza kati, na upande wetu tumepungua!"

Saadia akatazama huku na huku. Akazisukuma chini zile nzima, akazifunika kwa zile alizouma, akachomoka mbio. Alikusudia kurudi kuzimalizia. Lakini mchezo wa kukwepa mpira ni mtamu, na wageni walifika mapema.

"Umemaliza?" Akko alimuuliza mlangoni.

"Nimemaliza."

Chumba kikajaa salamu na watu. Saadia akaketishwa pembeni kabisa, mgongo ukutani, kibuyu cha maziwa mikononi. Mbele yake palikuwa na jiko la makaa lenye sufuria ya samli. Kati yake na mlango walikuwa wazee tupu, na mtoto mwenye adabu haruki miguu ya wazee. Ibrae alikuwa amepakatwa na Akko kando ya jiko, akiinama kuchungulia sufuria.

"Nani amechinja buni?" aliuliza Mzee Bule, kaka yake Akko.

"Huyu hapa."

"Zote hizo? Hebu cheka, tuone kama meno bado yapo!"

Watu wakaangua kicheko. "Msichana kama huyu," Mzee Bule akaendelea, "kwetu Sericho angepewa mtamba wa ngamia!"

Saadia akatabasamu huku akiitazama sufuria. Samli ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Watoto wa siku hizi wanadhani kahawa ilizaliwa dukani, ndani ya pakiti," akasema Mzee Bule. "Dada, waambie."

Akko hakuhitaji kubembelezwa. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Ujanani navaa nyekundu, uzeeni navaa nyeusi, na wafalme hunibusu."

"Kahawa!"

"Haya. Wanasimulia kwamba kule Ethiopia, katika misitu ya Kaffa, mchungaji aliona mbuzi wake wakila matunda mekundu, kisha wakaruka kama wamealikwa ngomani. Watu nao wakajaribu. Huko zamani waliitafuna kwa samli, ikawapa nguvu safarini."

Samli ikayeyuka yote.

"Ikavuka bahari hadi Yemeni. Masufi wakaichemsha na kuinywa, wapate kukesha katika ibada. Kutoka bandari ya Mokha ikaenda Uturuki, ikafika Ulaya."

Samli ikaanza kutoa sauti. Saadia alitaka hadithi isiishe kamwe, na papo hapo alitaka iishe aondokewe na mateso. Akisema, ataaibika mbele ya wageni wote. Akinyamaza, uso wa Ibrae uko palepale juu ya sufuria.

"Wazungu walipokuja kuipanda huku Kenya," Akko akamalizia, "wazee wetu walikuwa wakiitafuna kitambo!" Akainua bakuli.

"Akko, ngoja!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Usizitie! Za chini sijaziuma. Nilienda kucheza, nikakudanganya."

Akko akachimbua bakuli kwa vidole. Nzima. Nzima. Nzima tena. Akamtazama Ibrae, akampitisha kwa mama yao aliyeketi nyuma, kisha akaitoa sufuria motoni.

"Uma," akamwambia Saadia. "Wageni watangoja."

Saadia akauma huku machozi yakichanganyika na uchungu wa buni. Mzee Bule akashindwa kuvumilia. "Lete kidogo huku. Nina meno manne tu, lakini yana bidii."

"Hayo manne yatunzie nyama, kaka. Hizi ni zake."

Zilipokwisha, Akko alizikagua zote, akarudisha sufuria juu ya makaa, akazitia. Buni zikafunguka moja moja kwa sauti ndogo, harufu ikajaa chumbani, na wazee wakaomba dua. Akko akampaka Ibrae samli iliyopoa kwenye utosi, kisha akamvuta Saadia karibu.

"Ukisema umemaliza na hujamaliza, mwenzako hujiendea motoni bila kujua. Leo ungetuunguza. Lakini ulipobanwa, ulichagua kuaibika wewe kuliko aungue mdogo wako. Aibu itapoa, mjukuu wangu. Uso ulioungua ndio usingerudi ulivyokuwa."