Vyoo Vinne vya Upande wa Mababu

Haya nilisimuliwa na jirani yangu Noro, wiki tuliyomaliza kupandikiza mpunga mwaka huu. Tulikuwa tumekaa kwenye tuta la shamba, miguu imejaa matope.

Noro huamka mapema. Huchota maji kisimani bondeni, hupika wali, kisha hubeba mihogo yake sokoni. Mwanawe Tiana, wa miaka miwili, humfunga mgongoni.

Hapa kijijini Ambohidray tulikuwa na vyoo vinne vipya. Muuguzi wetu, Voahirana, ndiye aliyevichimbisha. Milango ya bati iling'aa. Mwaka mzima hakuingia mtu, ila kuku mmoja alitaga humo. Sisi tuliendelea kwenda haja vichakani, mlimani, upande wa juu wa kisima.

Mvua ikanyesha. Ikazoa uchafu wa mlimani, ikautia kisimani. Siku ya tatu Tiana akaanza kuharisha. Macho yakazama. Akilia, machozi hayatoki. Noro akakimbia naye zahanati.

Voahirana akachanganya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Mpe kijiko kimoja kimoja," akasema. "Akitapika, ngoja kidogo, umpe tena. Usichoke."

Noro hakuchoka. Alasiri mtoto akakojoa. Voahirana akashusha pumzi.

"Huyu amerudi. Lakini ni wa tano wiki hii, na maji ni yale yale. Noro, nimewajengea vyoo. Kwa nini mnakwenda mlimani?"

"Dada, ungeuliza kwanza. Umevijenga kaskazini-mashariki. Upande ule ni wa mababu. Nani atawavulia nguo wazee wake?"

Voahirana akashika kichwa. "Hata kwa mama yangu, pembe ile ya nyumba ni ya mababu. Hapa nilishika kamba, nikapima umbali wa kisima tu. Na mwenyekiti hakunikataza!"

"Ulikwenda kwake?"

Voahirana akafunga mlango wa zahanati.

Wakaenda. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Razafimahefa, ni mjomba wa Noro. Alikuwa barazani, kofia ya ukindu kichwani.

"Leo muuguzi amepotea njia?" akauliza.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya vyoo."

"Vyoo vyako? Niliviona vikichimbwa. Nikasema, mwenye kijiji mpya huyo, tumwache atawale."

"Uliona nakosea ukanyamaza, mzee?"

"Hukuniuliza, binti."

Hapo Noro akapaza sauti. "Mjomba! Dada! Ninyi mnanuniana, mwanangu anaharisha! Mmoja ana dawa, mwingine ana kijiji. Kila mtu kakalia chake. Tiana akifa, mtazika kwa zamu?"

Mzee akavua kofia. Akamtazama mtoto mgongoni, shingo imelegea.

"Binti," akamwambia Voahirana, "nilikuona, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu."

"Na mimi sikubisha hodi kwako. Nisamehe, mzee."

Kesho yake mzee aliita mkutano. Alihutubia kama tulivyozoea, kwa methali na kuomba radhi kwanza, mpaka Voahirana akaanza kutazama jua. Kisha wazee wakaonyesha upande unaofaa, kusini-magharibi. Voahirana akapima. Pakawa upande wa chini wa kisima, mbali nacho zaidi ya hatua hamsini. Wote wawili wakaridhika.

Tukafunga dina, yale makubaliano yetu ya kijiji ambayo hakuna anayeyavunja. Kila nyumba itatoa mtu wa kuchimba. Atakayekwenda haja mlimani atabeba mawe ya kujengea ukingo wa kisima kutwa nzima. Voahirana akatia dawa kisimani, akatuagiza tuchemshe maji.

"Kunyweni maji ya ukoko," akasema. "Yale mnayochemsha juu ya ukoko katika chungu cha wali. Bibi zenu walijua."

Tukachimba mashimo mapya upande ule, ya zamani tukayafukia, milango tukaihamisha. Siku ya kufungua, watu walisimama wakitazamana. Nani atangulie?

"Nipisheni," akasema mzee Razafimahefa. Akaingia, akafunga mlango. Tukangoja. Bodo muuza samaki akapiga kelele, "Mzee, umelala?"

"Subira!" sauti ikajibu ndani.

Alipotoka, akanawa mikono kwa sabuni mbele yetu, akainua yote miwili juu. Vigelegele vikapasua anga! Foleni ikawa ndefu kama ya sikukuu.

Mvua kubwa zikaja, zikapita. Voahirana akafungua daftari la zahanati mbele ya mkutano. Miezi mitatu, hakuna hata mtoto mmoja wa Ambohidray aliyeharisha. Vijiji viwili vya jirani vimetuma wenyeviti wao kuja kujifunza, kila mmoja na muuguzi wake.

Siku hiyo ya mkutano Noro alichinja kuku. Mzee na Voahirana walikula kwake mchana, wakala mpaka basi. Tiana akasinzia, shavu likiwa na wali. Mzee akalala kitini. Voahirana alikuwa akisimulia habari za vijiji vile, akakata neno katikati, akakoroma.

"Nikamfunika khanga," Noro aliniambia. "Kisha nikajinyoosha mkekani kando ya mwanangu, nami nikalala."