Tableti Isiyowaka

Wazazi wa mtaa wa Pioneer hapa Eldoret, vijana wa steji ya boda boda, na wewe unayesoma haya ukiwa umeketi salama na watu wako, nipeni masikio. Nitawaeleza yaliyoipata nyumba ya Wabuge, na mtaona kwamba hakuna jini wala mchawi aliyehusika.

Jumamosi hiyo nyumba ilikuwa imetulia. Mvua ilikuwa imekatika, Nasike alikuwa mlangoni akichambua mboga ya mrenda, na mumewe Wabuge, mwendeshaji wa boda boda, alikuwa amevua viatu akinywa chai. Binti yao Ashley aliingia na boksi jembamba, akaliweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Baba, hii ndiyo tablet yangu ya kuchora," alisema. "Wacha nikimbie Kesses kwa rafiki yangu Ciru aniazime laptop. Nikirudi nitakuonyesha."

Wabuge alitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Yeye ndiye aliyeongezea pesa za kuinunua. Mchapishaji mmoja wa vitabu vya watoto alikuwa amempa Ashley jaribio: achore kurasa za mwanzo kwa kompyuta, na zikipendeza kazi iwe yake. Msichana huyo alikuwa amechora kuta za vinyozi na vibanda vya chipsi tangu amalize shule, na hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza ya maana.

Kuichagua hakukuwa mchezo. Zile zenye kioo kizuri zilikuwa za wenye nacho. Zenye kioo na bei ya chini, kalamu zake zilichelewa kuufuata mkono. Thuo, kijana mwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini, ndiye aliyemwambia aachane kwanza na tamaa ya kioo. Alimpa bapa nyeusi isiyo na kioo, ambayo unaiunganisha na kompyuta kwa waya, ukichora juu yake picha inatokea kwenye kompyuta. Alimjaribishia hapo hapo dukani, na Ashley akaridhika.

Haya yote alikuwa amemsimulia mama yake. Baba hakuambiwa, kwa sababu Wabuge hakuwa mtu wa kuelezwa mambo. Ukianza maelezo marefu mkono ulikuwa umeshainuka, na watu wa nyumba hiyo walikuwa wamejifunza kunyamaza. Wasomaji wangu, nyumba ambamo watu wanaogopa kueleza jambo dogo ina hatari kubwa kuliko mnavyodhani.

Basi binti alipoondoka, Wabuge alilifungua boksi. Aliigeuza bapa ile mbele na nyuma. Akaigusa, akaibonyeza, akaichomeka kwenye chaja ya simu na kuingoja. Haikuonyesha chochote. Moyo wake ukaanza kuchemka, maana alizijua hadithi za Eldoret: mtu ananunua simu mpya, akifika nyumbani anakuta kipande cha sabuni ndani ya boksi. Akampigia simu rafiki yake wa steji, Otiende, ambaye alikuja, akaitazama na kutoa hukumu bila kuketi.

"Mzee, hiyo ni ubao. Mtoto wako ameuziwa ubao."

Nasike alisimama. Alimsihi mumewe angoje mtoto arudi, kwa sababu kitu hicho kinaunganishwa na kompyuta. Hakumaliza. Wabuge alimpiga kofi lililomwangusha juu ya mboga, akamruka, akatoka na bapa mkononi.

Kule steji kuna desturi inayojulikana: mwenzenu akiguswa, mmeguswa nyote. Ni desturi nzuri mtu anapopata ajali au msiba. Siku hiyo Wabuge alibonyeza honi bila kuiachia, akapaza sauti kwamba binti yake ameibiwa, na hakuna aliyeuliza ameibiwa nini. Pikipiki ziliondoka kama nyuki kuelekea mjini, kwenye duka lililotajwa katika risiti ya boksi.

Thuo alikuwa akimhudumia mteja walipoingia. Walimburuta kwa shati hadi nje. Wabuge alimrushia bapa usoni, pua ikapasuka.

"Hii haiwaki! Pesa ya mtoto wangu iko wapi?"

"Mzee, hiyo haina kioo," Thuo alijitahidi kusema huku damu ikimwingia kinywani. "Lazima uiunganishe na laptop."

Lakini waliosikia "haina kioo" waliona amekiri mwenyewe. Mateke yakaanza. Wapita njia ambao hawakumjua Thuo wala Wabuge waliokota mawe na kujiunga, kwa sababu palipo na kelele ya mwizi kila mtu hujiona hakimu. Mmoja alimpiga jiwe sikioni, mwingine akamkanyaga mbavu alipojaribu kutambaa. Kulikuwa na aliyeuliza petroli iko wapi, na chupa ikaanza kupitishwa mikononi.

Wabuge alichomoa spana kubwa chini ya kiti cha pikipiki. Alikuwa haoni tena mtu, aliona hasira yake tu. Akaiinua akilenga kichwa.

Ashley alifika wakati huo. Mama yake alikuwa amempigia simu akilia, naye akageukia mjini, laptop ya Ciru mgongoni. Alipenya miguuni mwa watu, akajitupa juu ya Thuo na kumkinga kichwa kwa mkono. Wabuge aliiona sweta ya binti yake, ila spana ilikuwa imeshashuka. Mfupa ulilia. Ulikuwa mkono wa kulia.

Ashley alipopiga ukelele, waliokuwa wakijiita ndugu walitafuta pikipiki zao. Otiende alikuwa wa kwanza kuondoka. Polisi walimkuta Wabuge amepiga magoti barabarani, akijaribu kuufunga mkono wa mtoto kwa koti lake la kazi.

Thuo alipona, ila sikio lake moja halisikii hadi leo, na duka amelifunga. Mkono wa Ashley ulipasuliwa na kuwekwa vyuma. Daktari alimweleza waziwazi kwamba mishipa ilikuwa imekatika na vidole vitatu havitakunjika tena. Muda wa jaribio ulipita akiwa wodini, na mchapishaji akachukua mtu mwingine.

Siku moja kabla ya hukumu, Ashley alikwenda kumwona baba yake rumande. Wabuge alilia kama mtoto, akasema alifanya yote kwa ajili yake.

"Ungeniuliza tu, Baba," Ashley alimjibu.

Wabuge alifungwa. Nasike anauza mboga peke yake, na Ashley anajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Ninatamani kuwaambia kwamba anafaulu, lakini bado.

FUNZO

Tuache kuchukua sheria mkononi. Kama unahisi umetapeliwa, rudi dukani na boksi lako na uulize. Ukikosa jibu, kituo cha polisi kipo. Enyi wa steji, umoja wenu ni mali, lakini ulizeni kwanza kabla ya kuwasha pikipiki. Nawe baba unayeogopwa nyumbani mwako, usijidanganye kwamba hiyo ni heshima. Wabuge angemsikiliza mkewe siku ile, Thuo angekuwa dukani kwake na Ashley angekuwa anachora.