Kondo na Kiingereza cha Amri

Kondo alilima mihogo karibu na kambi ya zamani ya mkonge, nje kidogo ya Kilosa. Majirani walimwita Mwingereza. Marehemu baba yake, manamba, yaani kibarua wa mkataba wa enzi za mkoloni, alimrithisha maneno: "Cut! Carry! Come here!" Kata, beba, njoo. Na jibu lake lilikuwa moja tu: "Yes, sir." Unavua kofia, unaitikia. Ndivyo kambi ilivyowafunza, baba hadi mwana.

Ikaja miaka ya kuuza mashamba ya umma. Wakubwa walisema soko huria litawaneemesha wote. Waliosema hivyo hawakuwa na kaburi pale kambini.

Siku moja meneja mpya alifika na trekta. Majirani wakamsukuma Kondo mbele.

"Nenda, Mwingereza! Leo ndiyo siku yako!"

Meneja alinyoosha kidole kwenye makaburi ya manamba. Akasema kwa Kiingereza kwamba atalima pale. Kondo alielewa. Akavua kofia.

"Yes, sir."

Trekta likaingia. Safu ya kwanza ya makaburi ikageuzwa matuta. Kaburi la baba yake lilikuwemo.

Mkewe, Hildegarda, alimsubiri mlangoni.

"Baba Irine, ulielewa alichosema?"

"Nilielewa."

"Mbona hukumkataza?"

"Kiingereza changu hakina kukataa."

"Hakina, au mlinyimwa?"

Kondo hakula siku hiyo. Kesho yake alimwendea jirani yao Bibiana, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Kaa."

Bibiana akachukua chaki, akaandika mlangoni.

"Kiingereza kina sentensi za aina nne. Wewe unayo amri tu, tena unajua kuipokea, hujui kuitoa. Sema: Stop! Simama!"

"Stop," Kondo alinong'ona.

"Kwa sauti hiyo hata kuku hasimami! Haya, ya pili ni taarifa. Unaeleza jambo lilivyo: Our parents are buried here. Wazazi wetu wamezikwa hapa. Inaishia na nukta. Ya tatu ni swali: Who gave you permission? Nani kakupa ruhusa? Inaishia na alama ya kuuliza. Ya nne ni mshangao, moyo unapojaa: What a shame! Aibu iliyoje!"

"Kumuuliza mkubwa si utovu wa adabu?"

"Nani alikuambia hivyo, Kondo? Yule aliyeogopa kuulizwa."

Kondo alirudi kwa Bibiana kila jioni. Trekta liliporudi kulima safu ya pili, alisimama mbele yake, kofia kichwani.

"Stop!"

Dereva akazima injini. Kondo akaeleza ni akina nani wamelala pale. Kisha akauliza swali lake. Meneja akamtazama karani wake, karani akatazama chini. Mwishowe meneja akaamuru trekta liondoke. Akaongeza sentensi moja, akapanda gari.

Majirani wakashangilia. "Kasema nini, Mwingereza?"

"Kasema hapa hapalimwi tena."

Safu zilizobaki zikazungushiwa ua wa minyaa. Darasa la Bibiana likajaa, wazee kwa akina mama.

Sentensi ile ya mwisho Kondo alimwambia Hildegarda peke yake. Ilikuwa taarifa: "Ungeniambia siku ile ya kwanza, nisingelima."

"Naye mbona hakuuliza?" Hildegarda alifoka.

"Hakuuliza," Kondo alisema. "Wala mimi sikusema."

Wakasimama kando ya matuta, wakikisia baba alilala wapi.