Nondo Pembeni mwa Ua

Jua lilikuwa linatua mtaani Mjambere, Swabra alipotoka kwenda uani na nondo ya chuma na nyundo.

Spika za redio ya mumewe zilikuwa zinavuma tangu asubuhi. Mmmmm... hata wimbo haujaanza. Alibadilisha soketi, akakaza waya, akachomoa televisheni. Wapi! Mwisho akampigia simu Justus, fundi wa redio.

"Hiyo ni umeme inakosa pa kushukia, mama Jalila," Justus alicheka. "Chomeka nondo kwa udongo, ufunge na waya mpaka kwa redio. Itanyamaza tu."

Lakini ua wote ulikuwa mwamba. Udongo laini ulikuwa pembeni tu, pale alipoonyeshwa na mavyaa wake, Bi Mwanamkasi, siku alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi.

"Hapa usichimbe, mwanangu. Pana fingo."

Chungu cha kinga, kilichozikwa na wazee ili kiwalinde watoto wa nyumba ile.

Nondo yenyewe nyembamba, Swabra alijiambia. Akapiga.

Ko!

Kitu kilipasuka chini. Ikapanda harufu ya ubani uliovunda. Alitazama dirisha la mavyaa wake. Bibi alikuwa anaswali. Akafunga waya upesi, akaingia ndani, akawasha redio.

Kimya. Spika zimetulia kabisa.

Kisha...

Mmmmm.

Ilitoka kitandani.

Jalila, mwanawe wa mwaka mmoja, alikuwa amelala, midomo imefumbwa. Swabra aliweka sikio kifuani pake. Mvumo ulikuwa humo ndani.

"Mama! Mama, njoo!"

Bi Mwanamkasi alikuja na tasbihi mkononi. Alimgusa mtoto, akanusa hewa.

"Nani kachimba?" alinong'ona.

Swabra aliinamisha macho.

"Fundi... Justus. Alikuja ulipokuwa umelala."

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Bibi alishusha pumzi. "Basi nitakipeleka kwake aliyekiamsha. Lakini sikiza, Swabra. Jina nikishalitaja, likija kukanushwa, kitarudi kwa mtoto. Ni yeye kweli?"

Mtoto alivuma. Midomo yake ilianza kuwa ya buluu.

"Ni yeye."

Bibi alitoka na chetezo cha ubani. Swabra alimsikia kule pembeni, akiita taratibu...

"Justus... Justus..."

Alifungua kinywa amzuie. Akakifumba.

Jalila akapiga chafya, akalia kilio cha kawaida.

Kesho yake mumewe, Mansur, alirudi kutoka kazini kwake hotelini, Shanzu. Akafungulia redio, akatabasamu.

"Sauti imetakata! Uliponiambia kwa simu kuwa Justus kakusaidia, nimepita kwake nimshukuru, nikakuta pamefungwa. Jirani yake anasema tangu jana magharibi ameziba masikio kwa viganja. Analia, eti kuna kitu kinamvuma kichwani. Maskini. Wewe ulizungumza naye jana, hukusikia kitu?"

Bi Mwanamkasi aliinua macho, akamtazama mkwewe.

Swabra alimbana Jalila kifuani.

"Sikusikia," alisema.